Ukomo Ni Mali ya Nani?

Ukomo, kwa maana inayotumika hapa, ni hali ya jambo kufikia mahali ambapo haliwezi tena kudaiwa wala kufunguliwa upya, na ukomo wa muda katika sheria ni kipindi ambacho kikishapita, aliyedhulumiwa hupoteza haki ya kufungua shauri hata kama dhuluma yenyewe haikanushwi na yeyote. Fasili hizo zinatosha. Lisilojibiwa nazo ni nani hasa mwenye mamlaka ya kutamka kwamba jambo limekwisha, na swali hilo haliwezi kuahirishwa tangu mwaka 2018, Mahakama Kuu ya London ilipoyatupa madai ya Wakenya zaidi ya 40,000 waliosema walidhulumiwa na serikali ya kikoloni wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960, kwa sababu miaka iliyopita ilionekana kuwa mingi mno kwa shauri kusikilizwa kwa haki.

Uchungu wa uamuzi huo unaongezeka ukiwekwa kando ya ule wa Oktoba 2012, ambapo Jaji McCombe wa mahakama hiyohiyo aliwaruhusu Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara kuendelea na kesi yao, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, kwa ajili ya wadai 5,228. Mateso yaliyolalamikiwa ni ya zama zilezile, mdaiwa ni yuleyule na sheria ni ileile ya mwaka 1980, ila kwa baadhi mlango ulifunguliwa na kwa wengine ukafungwa. Kama miaka ingekuwa inatosha kulimaliza jambo, ingelimaliza kwa wote.

Katika hoja za wanaoutetea ukomo, iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: wadai hawa walikuwa wapi siku zote hizo? Swali hilo huulizwa kana kwamba kuchelewa ni tabia ya mtu, sawa na uvivu, na kana kwamba njia ya kwenda mahakamani ilikuwa wazi ikawasubiri wao tu. Mau Mau, vuguvugu la kupinga ukoloni ambalo hali hiyo ya hatari ililenga kulikomesha, ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo ikabaki katika sheria za Kenya huru hadi mwaka 2003, kwa hiyo kwa miaka 40 baada ya uhuru mzee aliyetaka kueleza yaliyompata kizuizini alikuwa akijitaja mwenyewe kuwa mfuasi wa chama haramu. Nyaraka ambazo zingemsaidia zilikuwa katika kituo cha serikali cha Hanslope Park nchini Uingereza, miongoni mwa majalada takriban 8,800 kutoka makoloni 37, na kuwepo kwake kulikiriwa hadharani mwaka 2011 tu, tena kwa shinikizo la kesi ya Nzili na wenzake. Nyingine hazikufika huko, kwa kuwa maofisa waliokuwa wakifungasha virago waliagizwa wazichome, na majivu yenyewe yavunjwevunjwe. Wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa katika kambi ya Hola mnamo Machi 3, 1959, tangazo la kwanza la serikali lilisema walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Anayeficha jalada, anayechoma karatasi na anayesingizia maji hawezi kusimama baadaye akalalamika kwamba ushahidi umechakaa, na mahakama inayompa faida ya uchakavu huo humlipa kwa kazi yake mwenyewe.

Hoja hiyo ina kasoro nyingine iliyojificha zaidi, nayo ni kudhani kwamba miaka hupita kwa namna moja kwa aliyetenda na kwa aliyetendwa. Nzili aliieleza mahakama kwamba alihasiwa kwa koleo. Kalenda ya ofisi inaweza kuonyesha tukio la siku moja katika miaka ya 1950, lakini kwa mtu aliyenyimwa watoto, kila mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa tukio hilo.

Kwamba maofisa wengi wanaotuhumiwa wamekufa na hawawezi kujitetea ni pingamizi la haki, na kwamba mikataba na mirathi isingetulia kamwe bila kikomo ni kweli pia. Lakini hayo yanaonyesha tu kwamba mwisho unahitajika, hayasemi ni nani mwenye haki ya kuutamka.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana namna yao ya kumaliza jambo, nayo yafaa kutazamwa ingawa haikutungwa kwa ajili ya mahakama. Msiba ukiingia, ndugu na majirani hukaa matanga, na siku ya kuyaanua hupangwa na wafiwa wenyewe pamoja na wazee wao. Jirani aliyechoka kukaa mkekani huaga akaenda zake, lakini hana ruhusa ya kutangaza kwamba kilio kimekwisha. Mjane wa Kiislamu hukaa eda, yaani kipindi cha kungoja kabla ya kuolewa tena, miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue iwapo ni mjamzito, na hapo hesabu ipo na ni kali, ila inahesabiwa juu ya hali yake yeye. Maziko nayo huandamana na tangazo la jamaa kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, kwa kuwa deni hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote. Kifo, ambacho ndicho mwisho usio na ubishi, huwaita wadai badala ya kuwafukuza.

Hata hivyo, kuukabidhi ukomo kwa aliyedhulumiwa hakuondoi ugumu. Wadhulumiwa ni wengi na hawasemi kwa sauti moja, na wanapokufa haijulikani kama mamlaka hayo huzikwa nao au hurithiwa, wala kama mjukuu anaweza kusamehe kile ambacho babu yake alikataa kukisamehe. Mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa katika Uhuru Park, Nairobi, Septemba 12, 2015, ulijengwa kwa fedha za Uingereza kutokana na makubaliano ya wadai 5,228, na zaidi ya 40,000 ambao kesi yao ilikuwa bado mahakamani hawakuulizwa kama wanaukubali kuwa ni mwisho wao pia.