Wajibu wa Fundi kwa Mkono Asioujua

Plutarch ameeleza kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine walisema merikebu ni ile ile, wengine wakakana. Swali hilo hujibiwa katika gereji nyingi za Afrika ya Mashariki, wala hakuna alishangaaye. Land Rover ya zamani, ya ukoo ulioundwa Uingereza tangu mwaka 1948 hadi 1985, huchoka injini yake ya petroli. Injini hung'olewa, na mahali pake hutiwa ya dizeli iliyotoka katika gari la kabila jingine. Nambari mpya huandikwa katika kadi ya gari na shauri huisha. Ubishi wa merikebu ni mtamu, lakini haumdhuru mtu. Lipo shauri jingine, dogo kwa umbo, lililojificha chini ya sakafu ya gari hilo, nalo laweza kuua: mikono ya gia za msaada itasimamishwa wapi, na itasema nini?

Nyuma ya giaboksi ya Land Rover liko sanduku la pili la gia, ligawalo nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, nalo lina mwendo wa juu na mwendo wa chini. Katika magari mengi ya ukoo huo sanduku hili huamrishwa kwa mikono miwili. Mmoja una kirungu cha manjano. Ukibonyezwa, magurudumu ya mbele hushiriki kazi. Wa pili una kirungu chekundu: mbele ni mwendo wa juu, nyuma ni mwendo wa chini, na katikati gari haliko huku wala huko. Hapo katikati si kasoro ya uundaji. Ndipo mkono ulipowekwa wakati nguvu ya injini ilipotumika kuzungusha msumeno au pampu ya maji, gari likiwa limetulia. Lakini gari lililoegeshwa mlimani na kutiwa gia namba moja, ikiwa sanduku la pili liko katikati, halishikwi na injini hata kidogo.

Injini ngeni ikija na giaboksi yake, aghalabu ndefu kuliko ya kale, sanduku la pili husogezwa nyuma. Mikono iliyochomoza mbele ya viti sasa yataka kuchomoza chini ya viti. Fundi hana budi kuunda vyuma vya kuunganisha, na hapo ndipo tabia yake hupimwa. Akiufunga mhimili wa mkono kwenye sakafu ya bodi, hukosa. Injini na giaboksi hulalia mipira, nazo hujipinda kila zinapovuta kwa nguvu. Sakafu haijipindi pamoja nazo. Mkono huvutwa pasipo mtu kuugusa, na gia huweza kuchomoka katikati ya mteremko. Mahali pa mhimili huo ni juu ya giaboksi yenyewe, ili viwili hivyo viende pamoja. Tundu la sakafu nalo likiwa jembamba, mkono hugota kwenye bati kabla gia haijauma sawasawa, na dereva hudhani kazi imetimia. Tena kila kiungo kina ulegevu wake. Viungo vikizidi, ulegevu hujumlika hata kiganja kisipate habari ya kweli.

Iko hatari ya hila zaidi. Mkono wenye mhimili katikati hugeuza mwelekeo: kichwa kikienda mbele, mguu huenda nyuma. Fundi akiongeza mhimili mwingine ili kulifikia sanduku lililohama, mwelekeo hugeuka tena. Kirungu chekundu kikisukumwa mbele, sasa huleta mwendo wa chini. Hakuna kilichovunjika. Gari hupanda, hushuka, hubeba mzigo. Fundi na mwenye gari hujizoeza siku mbili, kisha husahau.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba gari ni mali ya mwenyewe, naye ana haki ya kulipanga apendavyo. Hoja hii ina nguvu kwa kitu kisichotoka nyumbani. Gari la kale, walakini, haliishi na mtu mmoja. Hurithiwa, huazimwa, hupigwa mnada, huendeshwa usiku na jirani ampelekaye mgonjwa. Mkono wa jirani huyo umefunzwa na magari mengine ya ukoo ule, nao hutii rangi kabla akili haijauliza.

Kinyume chake wapo mashabiki wa ukale, ambao hutaka kila mkono usimame pale pale kiwanda kilipouweka, hata kwa vyuma vilivyopindwa kama mizizi. Hawa huabudu mahali na kuisahau kazi. Mkono uliohama shibiri mbili ukasema kweli ni mwaminifu kuliko ule uliobaki mahali pake ukawa bubu. Mahali paweza kuhama. Maana haina ruhusa hiyo.

Je, fundi aliyegeuza maana ni mwongo? Uongo hutaka nia, naye hakuwa nayo alipopima na kuchomelea. Mwelekeo uligeuzwa na mhimili, na mhimili hauna dhamiri. Hatia yake, ikiwapo, yapaswa kutafutwa katika dakika chache za mwisho, alipojaribu gia, akaona zimegeuka, kisha akakirudishia mkono kirungu chekundu kwa sababu kilikuwa karibu na kilipendeza. Hapo alijua. Kirungu cheusi kisicho na historia kingemtosha, pamoja na kibati kipya chenye mchoro wa gia mbele ya macho ya dereva, na kile cha zamani kung'olewa. Mgeni angeketi, angenyosha mkono, asione rangi aliyoizoea. Angesita kidogo, akasoma, ndipo akaondoa gari.