Mwenye Kushtaki Asikizwe

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, Bibi Khawla binti Thaalaba (r.a.) alimwendea Mtume kushtakia jambo la mumewe, na Mwenyezi Mungu akayasikia mashtaka yake, mwanzo wa Sura ya 58 ukateremka kwa ajili hiyo. Imepokewa kwamba siku nyingi baadaye, naye ni mkongwe, alimsimamisha Sayyidna Umar (r.a.) njiani, na Khalifa akasimama mpaka bibi akamaliza maneno yake. Alipolaumiwa, alijibu kwamba aliyesikizwa na Mola wake juu ya mbingu saba, Umar ni nani hata asimsikize?

Kwa mizani hiyo na tuwapime wakubwa wa dunia. Mwezi wa Aprili 1993 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliutangaza mji wa Srebrenica, katika nchi ya Bosnia, kuwa mahali pa salama. Maelfu ya Waislamu waliokimbilia huko wakaitegemea ahadi hiyo. Julai 1995 mji ukatekwa na jeshi la Waserbia wa Bosnia mbele ya askari wa Umoja huo, na wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 wakauawa.

Mwaka 1999 Umoja wenyewe ulikiri makosa yake katika ripoti. Lakini akina mama waliofiwa walipokwenda mahakamani Uholanzi mwaka 2007, waliambiwa kwamba Umoja una kinga, haushtakiwi. Na mahakama ya juu ya nchi hiyo ikalithibitisha neno hilo mwaka 2012. Kinga hiyo imo katika mkataba wa 1946. Na mkataba huo huo, kifungu cha 29, unaulazimisha Umoja kuweka njia ya kuyamaliza madai ya watu. Kinga imeshikwa kwa mikono miwili, na njia akina mama hao hawakufunguliwa.

Hili si jambo la kuombewa hisani. Aliyepokea amana ya roho za watu ni wajibu wake kumpokea mwenye kushtaki, kumjibu, na kumlipa akithibiti kuwa amedhulumiwa.

Na sisi je? Mjane akiuliza mapato ya wakfu, hupewa hesabu, au huambiwa asiingilie mambo ya wakubwa? Ikiwa mutawali wa mtaani naye ana kinga yake, kwa uso gani tutawalaumu walioko New York? Basi kila msimamizi wa wakfu na aisome hesabu yake msikitini mbele ya watu, na amjibu kila mwenye kuuliza.

Mola atujaalie masikio yenye kusikia. Wabillahi tawfiq.