Kiinua Mgongo ni cha Nani?

Sisi Wakristo wa Tabora tumezoea kusema kwamba mzee huvuna alichopanda. Ukweli upo, maana ulevi na uvivu huzaa uzee wa taabu. Lakini tukimwambia hivyo kila mzee maskini, tunamhukumu bila kuuliza alipewa shamba gani na mbegu gani.

Tukumbuke historia ya mji wetu. Katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulifika kilo 30 hivi. Mwenye pembe za ndovu na mpagazi walikwenda njia moja na kufika siku moja. Mmoja alifika na mali, mwingine na ujira wa vitambaa na bega lililochubuka. Nani atasema mpagazi hakufanya kazi?

Hata leo uzee huanza kabla ya mvi. Mtoto aliyesomeshwa akaajiriwa serikalini hukatwa michango kila mwezi. Akifika miaka 60 hupata kiinua mgongo, kisha pensheni. Dada yake aliyeachishwa shule ili alee wadogo, akaolewa, akalima tumbaku na karanga miaka 40, hana tarehe ya kustaafu. Akifiwa na mume, huenda hata shamba likachukuliwa na wakwe. Mgongo uliopinda kwa jembe ndio usiopata cha kuuinua.

Hatusemi kwamba mwalimu au muuguzi mstaafu amepewa cha bure. Amekitolea jasho. Tunasema kwamba dada yake naye alitoa jasho, tena huenda ni mihogo yake iliyomlisha kaka akiwa shuleni.

Zanzibar walianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Huku Bara bado hatuna pensheni ya wazee wote.

Katika Mathayo 20, vibarua wa saa kumi na moja waliulizwa kwa nini wamekaa bure kutwa. Walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwakemea. Aliwapeleka kazini, na jioni akawapa dinari nzima, kwa kuwa njaa ya usiku haipimwi kwa saa za kazi. Walionung'unika ni wale waliobahatika kuitwa alfajiri. Je, sisi si hao?

Tunafanya ibada za shukrani kwa wanaostaafu kazi za ofisini, na ni vema. Basi jumuiya zetu ziwatafute pia waliostaafishwa na magoti: tuwapeleke hospitali, tuwalimie, tusimame na mjane shamba lake linapogombewa. Tukifanya hivyo tusiuite msaada. Ni ujira uliochelewa.