Chakula cha Shamba Katika Sahani ya Mwanachuo

Twapenda kuwaza pamoja na wasomaji wetu juu ya jambo lionekanalo dogo: je, wanunuao chakula cha wanachuo huko Unguja wana deni kwa mkulima aliye jirani? Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanza kufundisha mwaka 2001, kina majengo yake makuu Tunguu, katika Wilaya ya Kati. Katika wilaya hiyo hiyo liko bonde la Cheju lilimwalo mpunga. Walakini mchele mwingi uliwao kisiwani, toka Mji Mkongwe hata mashamba, hutoka Bara na Asia.

Jambo hili lina asili yake. Katika karne ya 19, tangu siku za Seyyid Said, ardhi nyingi ilipandwa mikarafuu, na fedha ya karafuu ikanunua mchele wa ng'ambo. Hata Wajapani walipoitwaa Burma mwaka 1942, mchele wa huko ukakoma kuja, ndipo muhogo ulipopata heshima. Siku nyingine huitwa chakula cha maskini. Na ajabu ni hii: mwezi wa Ramadhani ufikapo, hao hao wauitao hivyo huutafuta sokoni kwa bei kubwa, pamoja na majimbi na ndizi, wapate futari.

Wako wasemao, Mkulima ni jirani, basi anunuliwe kwanza, bei iwayo yote. Neno hili ni jema, lakini ni jepesi kwake asiyelipa. Mwanachuo aliyetoka Makunduchi na fedha ya kuhesabu akiuziwa sahani kwa bei ya juu, wema wetu umetoka mfukoni mwake.

Sisi twaona deni la chuo ni la namna nyingine. Mkulima wa Cheju hahitaji kuhurumiwa. Ahitaji kujua kabla ya kupanda ni magunia mangapi yatakayonunuliwa, tena alipwe siku ile aletapo. Mwenye jiko la walaji mamia aweza kuahidi hivyo. Mpita njia sokoni hawezi. Tena na apike kwa majira: shelisheli, viazi vitamu, muhogo, kila kimoja wakati kinapokuwa kingi na rahisi. Mchele wa meli na ujaze palipopunguka, wala si aibu.

Lakini mpishi atauliza, Je, vijana watakula muhogo? Na wapikiwe kama wapikiwavyo nyumbani wakati wa kufuturu, kwa tui zito, kisha tutazame sufuria zitakavyorudi jikoni.