Mbio Zinakaa Wapi?

Kati ya Subaru Forester yenye turbo na Land Cruiser ya dizeli yenye turbo, ipi ina mbio? Vijiweni Kahama na Geita jibu hutolewa kana kwamba mbio ni mali ya gari, kama rangi yake. Sikubaliani, na shahidi wangu ni njia ya Shinyanga kwenda Geita kupitia Usagara. Hadi Juni 2025 njia hiyo ilikatwa na maji ya Ghuba ya Mwanza, kati ya Kigongo na Busisi. Aliyefika mapema na aliyefika nyuma yake wangeweza kupanda pantoni moja na kushuka pamoja. Lilipofunguliwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, injini hazikuguswa hata nati, lakini waliokuwa wakilingana wakaanza kuachana. Sifa inayokuja na kupotea bila gari kubadilika haiwezi kuwa ya gari peke yake.

Fundi atapinga: nguvu imo ndani, na hupimika. Ni kweli. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka, ikasukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Aristotle alitenganisha uwezo wa kitu na utendaji wake, na hapo ndipo fundi nami tunapoachana: yeye hupima uwezo, lakini mbio ni utendaji, nao hutegemea mahali. Ukanda huu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa wepesi wa hewa. Kwa hiyo hata faida ya turbo ni kubwa hapa kuliko Dar es Salaam. Forester ya lita 2, nyepesi, huchanganya haraka kwenye lami. Land Cruiser ya lita 4.2 hujibu ikipewa mzigo na njia mbovu ya machimboni. Hewa, mzigo na ardhi vimo ndani ya jibu.

Na watu pia wamo. Anayeyashindanisha magari barabarani anamwingiza kwenye kipimo chake mwendesha baiskeli wa Shinyanga na mchungaji anayevusha ng'ombe, bila kuwauliza. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Wapo wasemao usiku barabara ni tupu. Giza haliondoi watu, linawaficha. Wengine hutegemea breki, lakini kwa breki na lami ileile, gari la kilomita 100 kwa saa huhitaji umbali mara nne wa lile la 50 ili lisimame, na turbo haipunguzi hata hatua moja.