Mashini ya kupasua kuni na mgongo wa mama

Kuna maswali yanayoonekana kama maswali ya pesa tu, kumbe ni maswali ya utu. Siku hizi ndugu zetu walioko Ubelgiji, Ufaransa ao Kanada wanatutumia picha za mashini ndogo ya kupasua kuni. Mtu anaweka gogo, anabonyeza, chuma kinasukuma pole pole, na gogo linafunguka kama mkate. Hakuna shoka, hakuna jasho. Huku Kivu baba wa familia anaangalia picha ile katika simu na kusema: "Na siye tutafute moja, hata ya okazioni. Hii shoka iko inatuchosha." Basi hesabu inaanza: bei gani, itapita wapi, nani ataipokea.

Hatuandiki ili kumkataza mtu kununua mashini. Wazee wetu hawakukataa shoka la chuma lilipofika, na hakuna mtu leo anayelilia shoka la jiwe. Lakini katika kijitabu hiki ambamo tunaongea juu ya desturi, inafaa tuulize jambo moja: chombo kinapoingia nyumbani ili kupunguza uchovu, kinapunguza uchovu wa nani?

Mashini yenyewe

Tuanze kwa kuielewa, maana mtu hawezi kuhukumu kitu asichokijua. Mashini hii inafanya kazi kama kriki ya lori. Ndani yake kuna mafuta. Pompi inasukuma mafuta kuingia katika silinda, mafuta yanasukuma pistoni, na pistoni inabana gogo juu ya kabari ya chuma mpaka nyuzi za mti zinaachana. Waliosoma fizika wanakumbuka jina la Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, aliyeonyesha kwamba ukisukuma maji ao mafuta yaliyofungiwa, msukumo ule unafika kila upande. Ndiyo sababu nguvu ndogo juu ya pistoni nyembamba inakuwa nguvu kubwa juu ya pistoni nene. Lakini hakuna cha bure: unachopata katika nguvu unakilipa katika mwendo. Pistoni nene inatembea kidogo tu. Tuliweke neno hili akilini, litaturudia.

Ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya mkono: mtu anapiga pompi kwa mtaimbo kama anavyoinua gari, haidai umeme wala mazuti. Ya pili ni ya umeme, yenye nguvu ya tani 5 mpaka 7 hivi, na uzito wake mara nyingi ni kilo 45 mpaka 60. Inadai umeme wa kweli kweli, wati 1500 na zaidi, na gogo lisipite nusu meta hivi kwa urefu. Ya tatu ni ya mota ya esansi, yenye nguvu ya tani 20 na kupita, lakini uzito wake unaweza kupita kilo 200. Ile inatembea juu ya magurudumu yake na kuvutwa na gari.

Anayetafuta ya bei nafuu asiangalie bei ya dukani peke yake. Ya umeme inaweza kuwa rahisi kule Ulaya, lakini katika mtaa ambako umeme unakuja usiku na kwenda asubuhi, itakuwa meza ya kuwekea sufuria. Ya okazioni ikaguliwe: fimbo ya pistoni ing'ae, isiwe na mikwaruzo, mafuta yasivuje kwenye mipira, chuma cha kubebea gogo kisiwe kimepinda. Na zile za umeme, nyingi zimetengenezwa ili zifanye kazi tu mikono miwili ikiwa juu ya vibonyezo. Mtu akikuuzia ambayo mkono mmoja umefungwa kwa waya ili "iende mbio", anakuuzia vidole vyako mwenyewe.

Safari yake

Mizigo ya Kivu inayotoka ng'ambo, njia yake ya kawaida ni bahari mpaka Mombasa ao Dar es Salaam, halafu lori. Mashini hii haipendi kulazwa ubavu, juu mafuta yanatoka kwenye tundu la hewa. Wenye ujuzi wanakaza skurubu ya hewa, wanaifunga wima ndani ya kisanduku cha mbao, magurudumu na miguu vinatolewa na kufungwa pembeni. Ikifika, skurubu ile inalegezwa kwanza kabla ya kuwasha, sivyo hewa inabanwa ndani na kupasua mipira. Halafu kuna duwani, halafu kuna lori la pili, na mwishoni kuna mlima wa kwetu ambao gari haiupandi. Hapo vijana wanne wanaitwa, wanapewa kitu cha kunywa, wanainua.

Tuangalie sasa picha hii vizuri. Kwa mashini moja tumetafuta meli, tumetafuta lori, tumetafuta vijana wanne. Hakuna aliyesema: "Acha mama aibebe." Lakini kuni zenyewe, ambazo juu yake mashini imesafiri namna ile, zinakuja nyumbani juu ya nini? Zinakuja juu ya mgongo wa mama, na kamba inapita juu ya paji la uso.

Nani anachoka?

Kazi ya kuni ni mnyororo. Kuna kukata mti, kupasua, kufunga, kubeba, kukausha, kuwasha na kupuliza. Katika vijiji vyetu vingi kukata na kupasua ni kazi ya mwanaume. Kubeba na yote yanayofuata ni kazi ya mwanamke na binti zake. Kupasua kunachukua saa moja, na mwanaume anapumzika kila anapotaka. Kubeba kunachukua nusu siku, na mlima haumuulizi mtu kama amechoka. Basi katika mnyororo ule mrefu, mashini imechagua pete moja, na pete ile ni ya baba.

Waswahili wanasema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni pamba nyepesi ya mti, hata mtoto anaweza kubeba kanda lake. Methali hii haisemi kwamba watu ni wabaya. Inasema kwamba jicho halina kilo ndani yake. Baba anajua uzito wa shoka kwa sababu liko mikononi mwake. Mzigo wa mama anauona kila siku ukipita mlangoni, na kwa sababu anauona kila siku, hauoni tena.

Goma wamejenga sanamu ya chukudu, ile pikipiki ya mbao inayobeba kilo mia na mia za makala, viazi na mbao. Ni haki, maana chukudu imelisha jamaa nyingi. Lakini tuseme ukweli: wanaosukuma chukudu karibu wote ni wanaume. Gurudumu linapofika, mwanaume anafika nalo. Pale ambapo hakuna gurudumu, mgongo wa mwanamke unabaki. Hakuna mkutano wowote uliokata shauri hili. Limejikata lenyewe, na ndiyo sababu ni gumu kulivunja.

Desturi ni mizani

Hapa wengine watajibu: "Desturi iko desturi. Mwanaume anapasulaka, mwanamke anabebaka. Wazee hawakuwa wapumbavu." Ni kweli, hawakuwa wapumbavu. Ndiyo maana inafaa tuelewe walipima nini. Wakati ule mti mnene ulikuwa karibu. Kuuangusha na kuupasua ilikuwa kazi ya hatari: tawi linaweza kumvunja mtu, shoka linaweza kuruka. Kubeba ilikuwa ni kutoka nyuma ya shamba mpaka jikoni. Waliweka hatari upande mmoja na mwendo mfupi upande mwingine, na mizani ilikaa sawa.

Lakini msitu umesogea. Mwaka 1925 Wabelgiji walifunga mipaka ya Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, na mahali palipokuwa pa kuokota kuni pakawa pa kukamatwa. Mashamba makubwa yalichukua milima mingine. Mwezi wa 7 wa mwaka 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walifika kandokando ya Goma, wakapika kwa miti ya hifadhi kwa sababu hawakuwa na kitu kingine, na mwaka ule ule UNESCO iliandika Virunga kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Vita vilivyofuata vilisukuma watu zaidi kuelekea miji. Leo mti mnene umekuwa kalitusi nyembamba, ambayo kijana anaiangusha kwa muda mfupi, na mwendo mfupi umekuwa kilometa nyingi, pengine kupita mahali ambapo mwanamke anaweza kushambuliwa. Hatari imehama, ikaenda upande wa yule anayebeba. Kazi hazikuhama.

Basi anayesema "tufuate desturi" na kuacha mizani imelala upande mmoja, anafuata maneno ya wazee na kuacha hesabu yao.

Mashini ifuate kuni

Je, mashini haina faida? Inayo, lakini inategemea tunaiweka wapi. Mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukikauka vizuri, maji yanabaki kama sehemu moja kwa tano. Mzigo wa kilo 40 wa kuni mbichi, ukikaushwa, unakuwa kilo 25 hivi, na moto wake ni mzuri kuliko wa kwanza. Kilo zile 15 zilikuwa maji tu: mama anapanda nazo mlima, halafu zinatoka kama moshi na kumwingia machoni. Na gogo zima lenye gamba halikauki upesi, lililopasuliwa linakauka.

Kwa hiyo mashini iliyowekwa ndani ya lupango la baba inadai magogo mabichi yaletwe kwake, na inazidisha mzigo. Ile ya mkono, iliyopelekwa mlimani panapokatwa miti, inapasua pale pale. Kuni zinapangwa juu ya mawe, zinafunikwa, zinaachwa kiangazi cha mwezi wa 6 mpaka wa 8, na zinashuka zikiwa nyepesi. Jamaa tano ao sita zinaweza kuinunua kwa likelemba, na vijana wanaokula kwa shoka wapewe waiendeshe, wasinyang'anywe mkate. Tena kalitusi mbichi inapasuka vizuri, ikikauka inakuwa kama chuma. Anayepasua mapema mara nyingi atakuta kwamba shoka linatosha, na hiyo ndiyo bei nafuu kupita zote.

Kwa nini hatufanyi vile tangu zamani? Muulize mtu yeyote, atakujibu: "Ukiacha kuni kule, wanaiba." Hapo ndipo tunafika kwenye mzizi. Mama anabeba maji kilo 15 kwa sababu majirani hawaaminiani. Kile kinachokosekana hakiuzwi Ulaya na hakipiti duwani. Mlima wenye zamu ya ulinzi, wenye chifu anayetoza anayeiba kuni kama anavyotoza anayeiba mbuzi, unaondoa mzigo ambao hakuna kriki inayoweza kuuinua.

Turudi kwa lile neno la Pascal: nguvu inayoongezeka inalipwa mahali fulani. Katika mashini inalipwa na mwendo wa pistoni. Katika nyumba, raha ya mmoja nayo inalipwa, na mara nyingi anayelipa hakuulizwa. Kabla baba hajatuma pesa, aite mke wake na binti zake, aulize: "Katika kazi ya kuni, ni nini kinawachosha zaidi?" Pengine watajibu: pasua mapema. Pengine watasema: tununue toroli, ao tulipie chukudu. Pengine watasema: utusindikize. Jibu lolote litakalotoka, ndilo la kununua kwanza.