Haya na Riziki

Katika darasa letu la juma limeletwa swali ambalo kwa sura ya juu ni dogo, walakini ndani yake mna mambo makubwa. Binti wa nyumba ya Kiislamu, aliyezaliwa kando ya Ziwa Viktoria katika kaunti ya Homa Bay au ya Migori, akiwa amejaaliwa nguvu na wepesi wa mwili, akataka kuufanya mpira wa wavu wa ufukweni kuwa kazi ya kumpatia riziki, je, wazee wake wamkubalie au wamkataze?

Wengi wetu waliposikia neno "ufukweni" walijibu kabla swali halijaisha. Walisema: hiyo ni kazi ya uchi, nayo haina mjadala. Sisi twaona kwamba jawabu hilo limekuja kwa haraka, na jambo lihusulo riziki na heshima ya mtu halifai kukatwa kwa haraka.

Wala asiseme mtu kwamba watu wa ziwa si wenzetu. Uislamu uko katika nchi ile tangu zama za ukoloni, na Kendu Bay, iliyo katika kaunti ya Homa Bay, ni mji wenye Waislamu wa Kijaluo kwa vizazi. Hussein Onyango, babu yake Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani, asili yake ni Kanyadhiang, karibu na mji huo. Basi swali la binti wa huko ni swali la binti yetu.

Kwanza yatupasa tuujue mchezo wenyewe. Huchezwa na watu wawili dhidi ya wawili, katika kiwanja cha mchanga chenye urefu wa mita 16 na upana wa mita 8. Hapana mchezaji wa akiba. Mmoja akiumia hata asiweze kuendelea, wote wawili wameshindwa. Kwa hivyo ni mchezo wa nguvu na wa kuaminiana pamoja. Uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta. Kenya ilipata kuingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021 baada ya kuahirishwa kwa ajili ya maradhi ya korona. Waliokwenda ni wanawake wawili, Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi, baada ya kupata nafasi yao katika mashindano ya Afrika yaliyofanywa Morocco. Walikutana na Brazil, Marekani na Latvia, wakashindwa mara zote tatu. Lakini walifika, na kufika kwao kumeonyesha kwamba njia ipo.

Sasa tuje kwenye nguo, maana ndiyo iliyowashtua watu. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi sheria ya mchezo huu iliwabana wanawake katika mavazi mafupi mno, hata ikapima upana wa nguo ya chini ubavuni, usizidi sentimita 7. Sheria ya namna hiyo ilikuwa dhuluma, nasi twaikataa. Walakini mwaka 2012 wenye mchezo waliibadilisha, wakaruhusu kaptula na blauzi za mikono. Katika Michezo ya Rio, mwaka 2016, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza akiwa amefunika kichwa, mikono na miguu. Na mwaka 2024, huko Paris, akacheza tena pamoja na Marwa Abdelhady, wote wawili wakiwa na hijabu. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo Ufaransa, yenye nchi na kiwanja, iliwazuia wachezaji wake yenyewe wasivae hijabu. Na mwaka 2021 wanawake wa Norway walitozwa faini ya euro 1,500 katika mpira wa mikono wa ufukweni kwa kuwa walivaa kaptula badala ya vazi fupi lililoamriwa.

Twajifunza nini hapa? Huko mwanamke amelazimishwa avue, na huko amelazimishwa avue kichwa. Na huku kwetu twamwambia akae ndani. Katika yote matatu hapana aliyemuuliza yeye. Ama sisi twasema kwamba stara ni wajibu, nayo haiondoki kwa sababu ya mchezo wala ya mshahara. Asiyeweza kucheza ila kwa kuiacha, basi na auache mchezo. Lakini ikiwa mlango wa kucheza kwa stara umefunguliwa, hoja ya nguo peke yake haitoshi tena kuufunga. Na stara ni ya wanaume pia. Mvulana akitoka kucheza na kaptula iliyomwacha mapaja wazi, hapana anayemkemea. Akirudi na kikombe, twampokea kwa vifijo. Cherif Younousse, mzaliwa wa Senegal, na Ahmed Tijan, mzaliwa wa Gambia, waliichezea Qatar wakapata nishani ya shaba huko Tokyo, na hatukusikia yeyote akiuliza kama kazi yao ni ya haya.

Pili, na hili ndilo tulilokusudia khasa, yatupasa tujue ufukwe wa Homa Bay na Migori ni mahali gani. Kwetu Pwani neno hilo latukumbusha wageni na mahoteli. Kwa watu wa ziwa, bichi ni mahali pa kazi: ndipo mashua zinapotia nanga na omena, ngege na sangara hushushwa. Kuanzia Kendu Bay na Mbita hadi Sori na Muhuru Bay, maelfu ya nyumba hula kwa mchanga ule. Wanaume huvua, wanawake hununua, hukausha na kuchuuza.

Na katika bichi hizo uko msiba ambao watu wa ziwa wenyewe wameupa jina, wakauita jaboya. Samaki wamepungua, wachuuzi wamezidi. Mwanamke, na mara nyingi ni mjane mwenye watoto, hufika na fedha yake mkononi. Lakini huambiwa kwamba fedha peke yake haitoshi, na kwamba asipompa mvuvi mwili wake hatauziwa samaki. Kwa sababu hii na nyinginezo, kaunti hizi mbili zimehesabiwa miongoni mwa zile zilizopigwa zaidi na UKIMWI katika Kenya. Wako waliosimama kuupinga uovu huu. Katika bichi ya Nduru, kaunti jirani ya Kisumu, kuanzia mwaka 2011 wanawake walijitafutia mashua zao wenyewe ili wasimnyenyekee mtu. Kisha mafuriko ya mwaka 2020 yakaikumba bichi ile na kuwatawanya wakazi wake.

Basi tupime. Mchanga ni ule ule. Binti akisimama juu yake akiwa amejisitiri, akarusha mpira juu ya wavu, twasema haya imekufa. Mama yake akisimama juu yake mbele ya nyavu za wavuvi, akatakiwa heshima yake kuwa ni bei ya samaki, twanyamaza, kwa kuwa amejifunga leso na hapana kinachoonekana! Je, hiyo ni haya, au ni macho tu yaliyozoea?

Wala tusijitukuze kwa kuwa sisi ni watu wa Pwani. Katika fukwe zetu wenyewe pia vijana, wa kiume na wa kike, wameuza miili yao kwa wageni, na fedha hiyo imeingia katika nyumba ambazo hazikuuliza imetoka wapi.

Huenda mtu akatujibu: ubaya mmoja hauhalalishi mwingine, kama jaboya ni haramu, haifuati kwamba mchezo ni halali. Maneno hayo ni ya kweli, nasi hatukusema kinyume chake. Tunalosema ni kwamba haya inayoamshwa na nguo na isiamshwe na dhuluma haifai kufanywa hakimu. Mwenye kutaka kumfungia mtu mlango wa riziki kwa jina la haya, na aonyeshe kwanza kwamba amejitaabisha kumfungulia mlango ulio safi zaidi.

Katika Kurani mna kisa ambacho kila mtoto wa chuoni amekisikia. Nabii Musa alipofika penye maji ya Madyan alikuta watu wamesongamana wakinywesha wanyama wao, na wanawake wawili wamejitenga wakiwazuia wanyama wao wasiende. Baba yao alikuwa mzee sana, nao hawakuweza kuyafikia maji mpaka wachungaji waondoke. Tutazame alilolifanya Musa. Hakuwauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kutoka; wala hakuwahutubia juu ya haya. Aliwauliza wana jambo gani, kisha akawanyweshea, akajitenga kivulini asitake malipo. Na huyo mmoja wao aliyekuja kumwita, Mwenyezi Mungu amesifu mwendo wake kwamba ulikuwa wa haya: haya ya mwanamke aliyekuwa amekwisha kutoka kufanya kazi. Kisha mmoja wao akampa baba yake shauri la kumwajiri Musa, akitaja sifa mbili za mtu afaaye kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Basi kutoka kwa haja, haya na nguvu vimekutana katika kisa kimoja, wala kimoja hakikukifukuza kingine.

Kwa hivyo jawabu letu ni kwamba binti yule asikatazwe kwa sababu ya mchanga wala kwa sababu ya nguvu zake. Bali aulizwe, na wakubwa wake waulizwe, mambo manne.

La kwanza ni stara na sala, ziwe ni sharti alilolitaja mapema kwa mwalimu na kwa chama, si jambo la kuombea msamaha baadaye.

La pili ni amana. Safari ni nyingi, na mwenye kumpangia binti safari, kumpa nafasi au kumnyima, ana nguvu kama ya yule mvuvi mwenye samaki. Jaboya yaweza kuhama bichi ikaingia kambini. Basi na wawepo wanawake waaminifu katika uongozi, na neno la binti lisikilizwe siku atakaposema kwamba ametakiwa visivyo.

La tatu ni chanzo cha fedha. Makampuni ya kamari yamevidhamini vilabu vikubwa vya mpira katika Kenya, na majina yao yameandikwa vifuani mwa vijana wetu. Twabishana juu ya urefu wa nguo, na hatusomi maandishi yaliyo juu yake! Nguo ndefu yenye kuitangaza kamari haikumsitiri aliyeivaa.

La nne ni mwisho wa kazi. Nguvu ni deni; huazimwa kwa miaka michache, kisha hurudishwa. Goti likiharibika leo, kesho hapana mshahara. Wachezaji wengi wa juu wa mpira wa wavu katika Kenya hulelewa na timu za mashirika, kama Magereza, Kenya Pipeline na benki ya KCB, na mwenye busara huitaka ajira pamoja na jezi. Basi asiache shule kwa ajili ya mpira, na wazazi wasimfanye ng'ombe wa maziwa; chumo lake ni lake.

Ndugu zetu, twajua kwamba wako watakaolichukia jawabu hili, na wanazuoni wengine wataona vingine. Milango ya darasa iko wazi kwao. Lakini twawaomba kila atakayekuja na neno la kukataza aje pia na neno la kutenda. Mashua moja iliyonunuliwa kwa fedha za zaka kwa wajane wa Muhuru Bay, au karo ya binti mmoja wa Kendu Bay, itaitetea haya kuliko hotuba mia. Musa hakuwaacha wale wawili wakingoja, aliteka maji.

Mwenyezi Mungu atujaalie haya iliyo na macho mawili, moja la kujitazama nafsi zetu na moja la kumtazama aliyedhulumiwa. Wabillahi taufiki.